Mlango wa Sukari

Kwetu kila mtu ni daktari. Mimi peke yangu ndiye sijafuzu, kwa sababu nilipotea njia nikasomea ualimu wa bayolojia, na bayolojia, kama anavyopenda kunikumbusha mjomba wangu, ni ya kupita mtihani tu. Yeye hana haja nayo. Yeye ana simu.

Basi nilipompeleka mama hospitalini hapa Kitale, wakampima, wakasema ana saratani ya titi, nilijua kabisa kitakachofuata. Nilipomrudisha nyumbani Bungoma madaktari walikuwa wameshajaa sebuleni. Kulikuwa na wa kitunguu saumu, wa maji ya moto, na mmoja wa kunusa mvuke. Wale ambao hawakuwa na dawa walikaa kwenye viti vya karibu na mlango, wakakataa chai, wakatoa pole na kuondoka. Daktari wa kweli alikuwa mmoja, yule wa hospitalini, na huyo ndiye hakuna aliyetaka kumsikiza. Yeye alisema uvimbe bado mdogo na haujatembea, utolewe mapema, halafu mama aanze dawa za kemo. Akatupa Jumanne yetu ya upasuaji, wiki kadhaa mbele. Mama alimshukuru kwa adabu zote, na tulipotoka nje akaniambia kwamba kwanza atajaribu vitamini.

Vitamini zilikuwa za mjomba, kaka yake mama. Alifanya biashara ya mpakani Suam miaka mingi na bado ana marafiki huko, kwa hivyo alifika na gunia zima la machungwa. Akaongeza na makopo ya vile vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya machungwa. Machungwa, pamoja na vidonge vya ladha ya machungwa. Mtu asiseme familia yetu haina mpango.

"Vitamini C inamaliza hiyo kitu kabisa," alisema huku akimmenyea mama la kwanza. "Nimeona video. Inaingia kwa seri, inaripua."

"Inaripua nini, mjomba?"

"Seri. Si wewe ndiyo mwalimu?"

Seri ni seli. Kwetu l na r hubadilishana viti bila kuomba ruhusa, na nimeshazoea. Ningecheka, lakini mama alikuwa anakula lile chungwa polepole, anachambua uzi mweupe mmoja mmoja, na nikaona ameamini. Nikaogopa. Mama akishaamini kitu haambiliki, na Jumanne yetu ingepita akiwa shambani anavuna maharagwe.

Kwa kuwa mwalimu hana dawa nyingine, nikaamua kufundisha. Nilimkalisha mama upande huu wa meza na mjomba upande ule. Mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita anti, alikuwa jikoni na chai yake, anaingia na kutoka. Nikachukua sufuria tupu, nikasema hii ndiyo seli. Nikachukua bakuli la sukari na chungwa moja.

"Seli ina milango," nikasema. "Kila kitu kina mlango wake. Vitamini C ina mlango wake, sukari ina wake. Sasa hii seli mbaya ni mlafi. Inataka sukari kila saa, kwa hivyo imejiwekea milango ya sukari pande zote. Vitamini C ikifika hapo nje, karibu na uvimbe, nyingine inaharibika kidogo, na ikiharibika hivyo inafanana na sukari. Basi inapitia mlango wa sukari. Ikishaingia, seli inaitengeneza tena inakuwa vitamini C kama zamani, na sasa haiwezi kutokea pale pale ilipoingilia."

Mjomba akaacha kumenya. "Hiyo ni Suam kabisa," akasema. "Mzigo unavaa gunia ya sukari, unavuka."

Nimefundisha kidato cha nne miaka mingi na sijapata mwanafunzi aliyeshika jambo hilo upesi namna ile. Iliniuma. Bahati nzuri hakukaa na akili hiyo kwa muda mrefu.

"Sasa ikishavuka," akaendelea, "inaripua."

"Ikishavuka wanasayansi wenyewe wanabishana. Wengine wanasema ikiwa nyingi sana inaidhuru hiyo seli. Wengine wanasema seli inaitumia kujikinga. Na hiyo nyingi wanayobishania inawekwa kwa mshipa, kwa dripu, hospitalini. Si ya kumeza. Ya kumeza mwili unachukua kiasi chake, inayobaki mama anaikojoa. Mjomba, wewe unapelekea choo machungwa."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Nikajiona nimeshinda, nikarudi Kitale nikiwa na raha zangu.

Kumbe anti alikuwa na masikio. Alikuwa akiingia na vikombe na kutoka na vikombe, na katika somo langu lote alibeba maneno matatu: mama, sukari, kukojoa. Hebu mpe mtu yeyote wa kwetu maneno hayo matatu. Hahitaji maabara. Sukari kwetu ni ile ya bakuli, na sukari ni ule ugonjwa wa kukojoa kila mara na kunywa chai chungu. Ukisema fulani ana sukari, hakuna atakayekuuliza yuko na kilo ngapi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, habari ilikuwa imetoka kanisani na kuzunguka hadi sokoni. Hospitali ya Kitale ilikosea. Mama hana ile kitu. Mama ana sukari, na aliyesema ni binti yake mwenyewe, mwalimu wa bayolojia. Nilipewa heshima ya kisayansi kwa mara ya kwanza maishani.

Sukari nayo ina hadhi yake. Mwenyekiti wa kanisa anayo. Yule chifu mstaafu anayo, na huitaja hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Ni ugonjwa wa watu waliokula vizuri. Nilipompigia mama simu nikasikia vicheko nyuma yake, na sauti za wanawake, na sufuria.

"Wameniletea unga ya wimbi," mama akasema. "Na mboga ya mrenda. Ati nisiguze mkate."

"Mama, wewe huna sukari."

"Wanasema niko nayo."

"Na Jumanne?"

"Sukari hawapasui," akasema, akakata simu.

Nilikasirika mpaka nikalia. Naogopa kwa njia ya kukasirika, tabia niliyoirithi kwake, na siku zile niliogopa sana. Uvimbe ambao bado mdogo hauna adabu ya kungoja mtu amalize mrenda. Nilimwona mama akifa na ugonjwa usio wake, kijiji kizima kikimpongeza kwa kuacha mkate, mjomba pembeni akimenya.

Nikaenda kumchukua Jumapili nyingine, siku mbili tu kabla ya ile Jumanne. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilipoingia nyumba ilikuwa imejaa, lakini sebule ilikuwa tupu. Wote walikuwa jikoni. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka katikati yao, wanapura maharagwe kwa mikono, na jirani mmoja amekaa nyuma yake kwenye kigoda anamsuka. Anti akanionyesha mahali pa kukaa kwa fahari ya mtu aliyegundua ugonjwa. Nikamwambia mama nataka aje Kitale anisalimie. Nilitarajia mabishano. Yeye akasema sawa, ngoja huyu amalize mstari wa mwisho.

Kesho yake, nyumbani kwangu mtaani Matisi, hapa Kitale, nilimwekea chai. Niliichemsha kwa makusudi bila hata chembe ya sukari, nikamsogezea, nikakaa mbele yake nikimtazama. Nina roho mbaya nikitaka.

Mama akaonja, akakunja uso, akanyoosha mkono mpaka kwenye bakuli na kujitilia vijiko vilivyojaa.

"Si uko na sukari, mama?"

"Wacha ujinga." Akakoroga. "Unafikiri sijui niko na nini? Wakati daktari alisema, si nilikuwa hapo? Mimi ndiyo niliguza hiyo kitu kwanza, kabla yako, kabla ya daktari."

"Sasa ni kwa nini umeacha watu waseme?"

Alikunywa kwanza.

"Uliona vile walikuja siku ile tumetoka hospitali? Uliona mahali walikaa?"

Nikasema niliona.

"Kwa mlango. Wote. Watu nimekula na wao tangu niolewe. Chai wakakataa, ati wameshiba. Wananiangalia hivi, halafu wanaangalia ng'ombe, kama wanachagua ya matanga." Akaweka kikombe chini. "Sasa hiyo sukari ilipokuja, wakaingia mpaka jikoni. Wakakula. Wakanitania. Yule akasema kichwa yangu iko na vumbi, kuja nikusuke. Mimi nilikuwa nataka hiyo. Hii kemo inatoa nywele, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Nilitaka kusukwa."

Nilimuuliza kama kesho tutaenda. Akasema alikuwa hajui, ila sasa anajua: tutaenda. Nikamuuliza pia kuhusu machungwa, kama kweli alikuwa ameamini.

"Ni matamu," akasema.

Jumanne tulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mjomba alikuwa ametangulia, amevaa koti, tayari kumshauri daktari. Daktari yule yule, msichana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, alimuuliza mama anameza nini siku hizi, na mama akamtolea makopo yote ya mjomba. Daktari akayasoma moja moja kwa utulivu. Akasema machungwa mama ale tu, ni chakula, lakini hivi vidonge vingi aviache kwa sasa, maana vinaweza kuingiliana na matibabu, na kitu chochote kingine akitaka kumeza aseme kwanza. Mjomba akamuuliza kuhusu dripu. Daktari akamwambia hiyo bado inachunguzwa, haiwezi kuchukua nafasi ya kutoa uvimbe. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma, akimsikitikia msichana ambaye hajaona video. Hata hivyo aliyabeba makopo yake akayarudisha kwenye begi, akalikumbatia kifuani. Nilikuwa nimesahau kwamba mama ni dada yake wa pekee.

Wakampa mama gauni la hospitali na kitanda. Muuguzi akaja kumwuliza maswali ambayo ni lazima mgonjwa ayajibu kwa mdomo wake mwenyewe: jina, umri, chakula alikula lini.

"Na unajua ni kwa nini uko hapa, mama?"

Mjomba akafungua mdomo. Mama akamwinulia kiganja.

"Niko na salatani," akasema. "Ya hii titi. Leo wanaitoa."

Alilisema kwa sauti ya sokoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kuanzia mwanzo lilikuwa ile kitu, au ile nyingine, na baadaye likawa sukari. Muuguzi akaandika. Mjomba akainama na kujifanya anatafuta kitu kwenye begi.

Mama akazungusha macho wodini mpaka akanipata.

"Na wewe, kuja hapa. Mbona umesimama huko kwa mlango?"

Nikajitazama. Nilikuwa na mkoba begani, na mkono wangu ulikuwa umeshika kitasa. Nikakiachilia, nikaenda kukaa kitandani kwake.