Uso Wangu na Jua la Kuota

Nina uso ambao watu huutibu bila kuombwa. Mteja anakuja kujaribu gauni kwenye banda langu la ushonaji pale Mwanjelwa, anasimama mbele ya kioo, mimi nyuma yake na pini mdomoni, na kabla hajaangalia kiuno kimekaaje anasema, "Dada fundi, hayo makovu mbona yanatoka? Paka manjano na asali." Mwingine limau. Mwingine liwa. Mmoja, ambaye nusura nimchome pini makusudi, alinishauri mkojo wa asubuhi. Nasema asante, naendelea kubana. Nimechoka, jamani. Nasema asante tangu niko kidato cha pili.

Chunusi zenyewe ziliisha zamani. Kilichobaki ni mashimo, mashavu yote mawili, na mashimo hayo yana historia. Mama yangu, mkulima wa Iringa na mwanakwaya wa Kilutheri, aliamini kwamba chunusi isipotolewa kiini inarudi na wenzake. Kila Jumamosi jioni, ili niende kanisani na uso safi, alinikalisha jikoni karibu na moto, akakilaza kichwa changu mapajani mwake, akakamua. Kwa kucha, na kwa pini aliyoipitisha kwanza motoni. Mimi nalia, yeye ananibembeleza huku anakamua. Alinipenda kwa mikono yote miwili, na hapo ndipo penye shida.

Nilipokuwa mtu mzima, kila nilipokwenda kwake, tukishasalimiana, macho yake yalikwenda mashavuni, halafu yakashuka chini. Siku moja alikuwa anachambua maharage, hata hakuniangalia, akasema, "Ule uso niliuharibu mimi." Nikamwambia hapana mama, ni ngozi tu. Akaendelea kuchambua. Hiyo ndiyo sababu ya mahangaiko yangu yote. Habari za uzuri nilishazisamehe. Nilitaka tu siku moja nifike kwake, aniangalie usoni asishushe macho.

Nilianzia pabaya, kama wengi. Si mbali na banda langu kuna mama anachanganya krimu kwenye ndoo kwa mwiko wa ugali, kisha anaipakia kwenye vikopo visivyo na maandishi. "Mpendwa, utakuwa na ngozi ya mtoto," akaniambia. Kweli nikawa mweupe, mashimo yakabaki palepale, ila sasa yanaonekana vizuri zaidi. Nilipoacha kupaka, uso ukawaka kama umepakwa pilipili, na vipele vikarudi upya. Loo, nililia kama mtoto.

Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye hapa Mbeya, mwanamke wa makamo mwenye uchovu kama wangu, hakunigombeza. Alimulika taa kwa pembeni ili mashimo yajitokeze, akasema, "Dada, haya si kovu moja, ni aina tatu, na kila moja ina njia yake." Kuna membamba yenye kina, kuna mapana, na kuna yale yanayovutwa kwa chini na nyuzi mpaka ngozi inakuwa mawimbi. Kuchubua kwa tindikali hafifu kunasaidia rangi na makovu ya juujuu, lakini shimo refu halitishiki. Kutoboa kwa sindano ndogondogo kunaifanya ngozi ijijenge upya, taratibu mno, ila si hatari sana kwa weusi wetu. Leza ina nguvu zaidi, lakini mkono ukikosea, ngozi nyeusi inajibu kwa madoa. Na zile nyuzi hukatwa kwa sindano inayopita chini ya ngozi, uso unavilia damu.

"Nikifanya vyote hivyo, yataisha?" nikauliza.

"Yatapungua. Kuisha, hapana."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Alikuwa mtu wa kwanza kutoniahidi ngozi ya mtoto.

Tukachagua sindano ndogondogo, na kukata nyuzi mahali pachache. Nilipakwa ganzi, kisha kile kimashine kikaanza kupita shavuni, trrrr, kama cherehani yangu. Nikacheka moyoni, leo fundi kashonwa yeye. Nilirudi kwa daktari mara kadhaa, kila mara uso umevimba, kila mara naambiwa paka krimu ya kujikinga na usikae juani. Nikawa naitikia tu. Mimi na jua wapi na wapi, nikajiambia, baridi yenyewe hii ya Juni.

Kosa langu lilikuwa hapo. Kwetu sisi wa nyanda za juu, jua la kuogopa ni lile la Rujewa, kule bondeni ambako mpunga unaanikwa kwenye maturubai na ng'ombe wanagombea kivuli. La kwetu la msimu wa baridi ni la kuota. Asubuhi nyumba nzima inatoka nje, mgeni anatolewa kigoda kabla hata ya chai, mnakaa kwenye ukuta wa mashariki, nyuso juani, macho mmefumba, mpaka mifupa ilegee. Kumwacha mgeni kivulini ni kumfukuza.

Nilikwenda kwa mama uso ukiwa bado unapona. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema, "Eeh! Kumbe inawezekana!" Hakushusha macho. Nilifurahi mno. Basi kila asubuhi tukaota jua, tukipokea majirani na salamu za kwetu, kamwene, kamwene, na ile krimu ya kujikinga imelala begini. Nani anapaka krimu ya jua huku amevaa sweta?

Niliporudi nyumbani Mbeya, mtaa wa Soweto, mashavu yakaanza kutoa madoa meusi. Daktari akauliza kama nilikaa juani. Nikaapa sikukaa, nilikuwa kwa mama tu, tunaota asubuhi. Akaweka kalamu chini, akauliza, "Na huko kuota si kukaa juani?"

Mama alipopiga simu kuuliza mashavu yanaendeleaje, nilikuwa hoi na kazi, nikaropoka, "Yameharibika, mama, ni lile jua la pale ukutani." Mama akasema, "Kumbe ni mimi tena." Nilitamani kuyarudisha maneno yangu, yakawa yameshafika.

Madoa yamepungua. Baadhi ya mashimo yamejaa, mengine yapo, na sina nguvu tena ya kurudi kwenye sindano. Msimu huu wa baridi nilikwenda tena Iringa. Asubuhi nikatoka nje, nikakuta vigoda viwili vimepangwa nyuma ya nyumba, kivulini, majani yakiwa bado na umande. Mama amekaa pale na blanketi mabegani, yeye na yale magoti yake mabovu, midomo inamtetemeka.

"Kaa hapa, mwanangu. Huku jua halifiki."

"Mama, inuka. Siwezi kukuua na baridi kwa sababu ya mashavu."

Akagoma. Nikabeba vigoda vyote viwili nikavirudisha ukutani, akanifuata akinung'unika. Nikamwambia nimeshapaka krimu ya kujikinga. Hakuiamini. Alisimama akaniangalia usoni kwa muda, akaliangalia jua, akaniangalia tena. Kisha akavuta kigoda chake mbele yangu, akakaa amelipa jua mgongo, karibu kabisa, magoti yetu yanagusana, na kivuli cha kichwa chake kikanifunika mashavu yote mawili.

"Haya," akasema, "sasa ota jua lako."