Mashine ya Kumsikia Baba

Mama hakusikia hata neno moja la hotuba ya baba siku ya harusi yao. Alikuwa akiwaza kama wali utatosha. Ilikuwa ile harusi ya kubariki ndoa kanisani, sisi watoto tukiwa tumeshazaliwa na tumevalishwa viatu vya kubana. Baba, mtu aliyezoea kuongea kwa kukohoa na kunyoosha kidole, alisimama mbele ya watu akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema maishani. Hakurudia tena. Alipofariki, kila nikienda Kaaga kumwona mama, wimbo ni ule ule: "Ile kanda ya video ya harusi itafutiwe mashine. Nataka kujua alisema nini."

Kanda yenyewe tulikuwa tumeitazama mara moja tu, kwa jirani mwenye deki ya kuchezea kanda, na kila aliyejiona kwenye skrini alipiga kelele mpaka hakuna aliyesikia chochote. Baadaye mama akaihifadhi ndani ya debe la njahi, yale maharagwe meusi, na kuipaka jivu, isije ikaliwa na fukusi. Msinicheke mimi. Mchekeni yeye, mkithubutu.

Mimi nafanya kazi ya ofisi Embu mjini, na nilidhani hili ni jambo la mtu mmoja. Unanunua deki, unanunua kile kidude cha kuiunganisha na kompyuta ili kinase picha na sauti, basi. Wapi! Kwetu hata kuku hanunuliwi bila kamati. Mjomba wangu, mkulima wa kahawa kutoka Runyenjes, akajiteua mwenyekiti kwa sababu aliwahi kununua mashine ya kukata majani ya ng'ombe na haijaharibika hadi leo.

Tukaenda Meru mjini, mimi, mama na mjomba, kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza vyombo vya umeme. Mjomba hata hakumaliza salamu. Alikiweka kidude kiganjani, akakirusha juu kidogo, akakidaka.

"Kitu chepesi namna hii kibebe harusi nzima? Na vile watu walikuwa wengi?"

"Mzee wangu, hakibebi watu. Kinabeba picha."

"Na spea zake Embu zinapatikana?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe bado. Mama alifungua mkoba, akaitoa kanda, na jivu likamwagika kote kwenye kaunta.

"Wallahi hiyo haiingii kwenye deki yangu, mama yangu," mwenye duka akasema.

Lakini alikuwa mtu mzuri. Alichukua brashi akaanza kuipangusa, na ili tujaribu vile vidude vyake, akatuwekea kanda yake mwenyewe. Ilikuwa posa ya watu wa Laare ambao hakuna kati yetu aliyewajua. Tungeitazama kidogo tu. Tuliitazama yote! Mjomba alikasirika kwamba upande wa kijana umeleta mbuzi aliyekonda, akasimama kuwakemea wazee wale kwenye skrini. Mteja aliyekuja kununua betri akawatetea, wakagombana wee, kila mmoja akitetea ukoo usio wake. Kichwa kiliniuma.

Mama hakuwasikiliza. Alikuwa akitazama midomo.

"Maneno yanachelewa," akasema.

Alikuwa sahihi. Kwa kidude kile, mtu alifunga mdomo kwanza ndipo sauti ikafika. "Baba yenu alikuwa mtu wa kuchelewa, lakini si hivi," mama akasema, akakirudisha. Kilichofuata kikawa hivyo hivyo. Mwisho tukapewa kingine, kizito kidogo, na midomo na maneno vikaenda pamoja. Mjomba akatangaza kwamba ni uzito uliosaidia. Tukakinunua pamoja na deki, na sikubishana, nilitaka tu kwenda nyumbani.

Kaaga nikaunganisha kila kitu, waya wa manjano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti. Picha ikaja. Baba huyo! Suti ya kuazima, kipaza sauti mkononi, mdomo unaenda. Na juu yake, kinanda na kwaya.

Tukangoja wimbo uishe. Ukaingia mwingine. Mjomba akachomoa waya mwekundu, akauchomeka tena, akaipiga deki kofi.

"Turudishe mashine!"

"Anko, mashine ni nzima," nikasema. Mpiga video alikuwa ameifuta sauti ya sherehe na kuweka nyimbo, kama walivyofanya wote enzi zile, na watu wakawasifu. Hotuba haikuwemo. Nililia, sitaficha, na sikuweza kumtazama mama usoni.

Wimbo ukaisha. Kabla ya unaofuata kuanza palikuwa na upenyo mdogo ambao yule mpiga video alisahau kuuziba. Vijiko vikasikika, mtoto akalia mahali, halafu sauti ya baba, mbali na kipaza sauti, ya chini:

"Kijana, hiyo taa ya kamera igeuze kando. Inamuumiza macho."

Kinanda kikarudi.

"Rudisha," mama akasema. Nikarudisha. Mjomba akaketi polepole, kofia mkononi.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Mama alikuwa ameinua kiganja mbele ya uso, akijikinga kana kwamba taa ile iko mbele yake sasa.

"Iliniumiza kweli," akasema. "Na sikuwa nimemwambia."