Moshi wa Lori la Ami Seifu

Niliondoka Riyadh kwenda Jeddah kwa sababu ya sifa. Ami Seifu alikuwa ametangazia gereji zote za Sulay kwamba mimi, Kassim wa Changamwe, nimelifufua lori lake, na kwamba zawadi yangu ni kwenda naye Jeddah nikaione bahari. Mtu aliyekaa mwaka na zaidi akitazama vumbi la maghala haambiwi bahari mara mbili. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, akanipa ruhusa ya siku sita, nikatia kikoi kwenye mkoba na bisibisi mfukoni, nikapanda.

Ngojeni kwanza niwaeleze sifa hizo zilitoka wapi, maana nyinyi wa nyumbani mnanijua. Ami Seifu si ami yangu wa damu. Ni mzee wa Kiunguja aliyetolewa kwao akiwa mchanga, baada ya Mapinduzi, akakulia Jeddah. Mpaka leo hunisahihisha nikisema stima badala ya umeme. Lori lake ni la dizeli, la pua ndefu, alilinunua ujanani, na ndilo lililosomesha wanawe wote.

Sasa serikali ikakaza kanuni za moshi. Zamani lori kuukuu likienda kwenye ukaguzi, ambao huku huitwa fahas, walitazama taa na breki, halas, kwisha, unapewa stika yako. Siku hizi mkaguzi huchomeka kipimo kwenye bomba la moshi, akamwamuru dereva akanyage mafuta mpaka mwisho, na kipimo ndicho kinachosema. Huna stika, hakuna ghala la maana litakalokupa mzigo. Wenye malori mapya walicheka. Wenye makuukuu, watu wa lori moja moja kama Ami, walitujia gereji nyuso zimewashuka. Ami alikuwa ameshaanguka ukaguzi mara moja na kupewa siku chache za kulitengeneza.

Dawa ya kweli naijua. Ni kubadilisha nozeli, zile ncha zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Zikichakaa hudondosha badala ya kupuliza, na dizeli isiyoungua vizuri ndiyo hutoka nyuma nyeusi tii. Lakini nozeli za lori lile nilizitafuta Riyadh nzima nikazikosa. Nikafanya dawa ya nyumbani. Kwenye pampu kuna skrubu inayopima dizeli, nami nikaifunga mzunguko mmoja na nusu. Injini ikala kidogo, moshi ukapungua, lori likapita. Kwetu kila fundi anaijua hii: asubuhi ya ukaguzi unafunga, jioni unafungua, maana injini yenye njaa haina nguvu. Ila jioni ile Ami alinikumbatia mbele ya watu akasema, "Fundi wa kweli huyu, si wale wababaishaji wa kuchezea skrubu!" Ningefungua, moshi ungerudi na sifa zingekwenda. Nikaiacha skrubu vile vile.

Asubuhi ya safari, baada ya sala ya Alfajiri, tulitoka Sulay na shehena ya mabomba ya plastiki. Ami alikuwa na furaha, chupa ya chai kando yake, akinipigia hadithi za njia hii tangu ilipokuwa nyembamba. Jangwa ni zuri asubuhi, msidanganyike. Ngamia wanatembea kwa maringo utadhani wanatudai salamu. Lakini kabla ya adhuhuri malori yote yalikuwa yanatupita, hata moja lililobeba mbuzi.

"Mbona limelegea hivi?" Ami akauliza.

"Joto, Ami."

Siku ya pili, ardhi ilipoanza kuinuka kuelekea Taif, mambo yakaharibika. Kila mlima mdogo tuliupanda kwa gia ya pili, na Ami akawa ameinama mbele utadhani anasukuma. Hakuwa tena na hadithi.

"Kassim, pampu hukuigusa?"

"Niliisafisha tu, Ami."

"Wallahi?"

Nikakohoa. Nilikohoa sana, mpaka akanipa maji.

"Basi kama pampu ni nzima," akasema taratibu, "injini ndiyo iliyokwisha."

Tulipofika Jeddah na kushusha mabomba, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Bi Zuwena, mkewe, alitupokea mlangoni na swali lake la siku zote: "Mke mwenzangu hajambo?" Mke mwenza ni lori. Miaka yote ya ndoa yao amelionea wivu na kulisema, na nasikia ndiye aliyelishonea pazia la dirishani. Alitupakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula nilichokiota mwaka mzima. Kabla sijatia tonge la pili, Ami akasema, "Kesho nalipeleka tashlihi."

Tashlihi ni yadi ya kuvunjia magari. Bi Zuwena akaweka mwiko chini.

"Si limepita fahas?"

"Limepita. Sheria imeshindwa kulitoa barabarani, uzee umelitoa. Halas. Na mimi nitakaa nyumbani, tutazamane."

"Tutazamane nini? Mimi nimtete nani?" Alijaribu kucheka, ikamshinda. Kisha akanigeukia. "Na wewe fundi mbona huli?"

Asubuhi Ami alinipitisha pwani kwanza, kwa kuwa ahadi ni deni. Bahari ya Jeddah ni ya buluu iliyokolea, na upepo wake unanukia kwetu kabisa. Sikuifurahia hata kidogo. Nilisimama pale nikiona haya mbele ya maji.

Saa nne tulikuwa tashlihi. Mwenye yadi, Myemeni mchangamfu, alilizunguka lori mara moja, akachukua chaki na kuandika namba mlangoni. Ami akafungua pazia la mkewe, akalikunja vizuri, akalitia mfukoni mwa kanzu. Kisha akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Ami, usimpe!" nikapiga kelele. "Injini ni nzima. Ni mimi. Nilifunga skrubu."

Nikamweleza yote, mzunguko mmoja na nusu, na kwa nini sikuufungua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Heri angenizaba kofi.

"Nilikuuliza njiani," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukakohoa."

"Nilikohoa, Ami."

"Jana mimi nimelia, Kassim. Mtu mzima na mvi zangu nimelilia chuma, kwa kikohozi chako." Akafungua kiganja. "Lete bisibisi."

Nikampa, akaitia mfukoni pamoja na pazia. "Sasa nitafutie dawa ya kweli. Na pampu nitaifungua mwenyewe."

Hapo ndipo yadi ile ilipogeuka kuwa neema. Huko nyuma kulikuwa na lori pacha la letu, lile lile la pua ndefu. Mwenye lori hilo alikuwa ametia nozeli mpya ili apite ukaguzi, breki zikamwangusha, akakata tamaa. Nilizifungua zote sita, nikazipeleka karakana ya jirani yenye mashine ya kupimia, na kila moja ikapuliza ukungu mwembamba bila kudondosha. Myemeni aliyekosa biashara ya lori zima alituuzia nozeli huku anacheka, "Mafi mushkila, hakuna shida, fundi!" Nilipokwisha kuzitia kwenye injini yetu, Ami akarudisha skrubu mzunguko mmoja na nusu, akihesabu kwa sauti ili nisikie.

Siku ya nne, Bi Zuwena akalirudisha pazia dirishani kwa mikono yake. "Mwambieni mke mwenzangu asizoee kudeka," akasema. Tukapakia vigae, tukarudi kwa njia ya Sayl, ule mpando mrefu wa kuelekea Taif. Ami alikuwa hajasema nami tangu asubuhi. Lori likaushika mlima, likanguruma, likapanda. Macho yake hayakuwa mbele, yalikuwa kwenye kioo cha pembeni. Nami nikachungulia changu. Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo lenye familia, madirisha wazi, watoto wametoa mikono nje. Kabla sijafunga skrubu, lori hili likipita Sulay kila aliyekuwa nyuma yake alifunga vioo. Moshi ule sikuwahi kuufikiria ila kwenye kipimo.

"Linavuta," Ami akasema tulipofika juu. Ndilo neno lake la kwanza.

Riyadh tuliingia siku ya tano mchana. Tulipomaliza kushusha vigae, badala ya kushika njia ya gereji akakata kona kuelekea fahas.

"Ami, stika unayo!"

"Ninayo."

"Wakikuangusha leo wataibandua."

"Wataibandua." Akasimamisha lori kwenye foleni, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tashlihi. "Kassim, kuna kitu humu nisichokijua?"

"Hakuna, Ami."

"Wallahi?"

"Wallahi," nikasema, na koo langu lilikuwa safi.

Mkaguzi akaiona stika kwenye kioo, akashangaa. Akamuuliza Ami kwa Kiarabu amekuja kufanya nini, na stika yake bado ina muda. Ami akamjibu, nami nilikwishajifunza Kiarabu cha kutosha kuelewa: "Ile ni stika ya fundi. Nimekuja kuchukua ya lori."

Kipimo kikachomekwa. Ami akakanyaga mpaka mwisho. Nilifumba macho, nikayafumbua niliposikia mkaguzi anacheka. Limepita, tena kwa nafasi pana kuliko mara ya kwanza.

Nje ya geti Ami alinirudishia bisibisi. "Nilikusifu Sulay nzima," akasema. "Sasa nenda ukawaeleze mwenyewe."

Basi nilikwenda. Nilisimama pale pale nilipokumbatiwa, nikawaeleza skrubu, kikohozi na pazia, wakanicheka mpaka adhana ya Magharibi. Nilichojifunza ni kwamba moshi ukiuficha kwenye kipimo utamtokea mtu mahali pengine, na wangu ulimtokea mzee aliyeniamini. Nawaandikia haya ili siku nikirudi Changamwe, mkiniuliza jambo nikaanza kukohoa, msinipe maji.