Sweta la Pinki Kule Ndivani

Nianze kwa kukiri: sweta la baba nililiiba mimi.

Lilikuwa la pinki. Mama alilinunua kwenye mitumba ya Same nikiwa darasa la nne, akalipandisha mlimani ndani ya kikapu pamoja na chumvi. Nyumbani tunaongea Chasu, Kiswahili tunawawekea walimu na wageni, lakini neno pinki lilipanda na sweta lile na halikushuka tena. Kwa mama, pinki ilikuwa ndani ya pera lililoiva, fizi za mtoto mchanga, na baba. Hakuna aliyesema ni rangi ya kike. Wazee wenzake kanisani walimsifu kwamba amepata mke anayejua kumvisha.

Wala mama hakuichagua kwa urembo. Zamu yetu ya maji ikifika, baba alipanda alfajiri hadi kwenye ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha, kwenda kulizibua. Mama alibaki shambani, chini, ng'ambo ya bonde. Kuitana hakuwezekani, upepo wa kule unameza sauti. Basi mama alitazama juu. Akiona pinki imesimama ukingoni mwa ndiva, anajua maji yako njiani, anafungua mdomo wa mfereji wetu. Kabla ya hapo baba alikuwa na koti la kahawia, na mama alilalamika kwamba mume wake hatofautiani na udongo.

Mimi nikakua, nikashuka, nikapata kazi ya ofisini Same, nikaoa, nikapata binti. Huko nikaikuta pinki imebadilika tabia. Ilikuwa ya mabegi ya mabinti, ya saluni, ya kadi za kicheni pati. Mwanamume akiivaa anaulizwa kulikoni. Siku moja nilimwonyesha mwenzangu wa ofisini picha ya baba kwenye simu. Akaitazama, akacheka. "Mzee wako naye anavaa pinki?" Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Krismasi ilipokaribia, wakwe watarajiwa wa binti yangu walikuwa waje kutusalimia kule juu. Sikutaka wamkute baba vile. Nikapanda na sweta jipya, bluu iliyokoza, zito. Baba akalivaa hapo hapo. Si mtu wa kubishana na kitu chenye joto. La zamani nikamwambia nalipeleka kwa dobi. Dobi gani? Nilimpa dada anayefanya usafi ofisini kwetu, na wiki ile ile likawa tambara la kudekia.

Nilirudi mlimani mwezi wa pili, jua limeshika kwelikweli. Mama nilimkuta amekaa kibarazani, saa ambayo alipaswa kuwa shambani. Maharage yake yalikuwa yamekuwa njano, ya jirani yamesimama vizuri tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Leo si zamu yetu? Mbona uko nyumbani?"

Alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Macho yamekwisha," akasema. "Tangu Krismasi simwoni tena baba yako."

Daktari alikuwa ameshamwambia ana mtoto wa jicho, naye aliogopa kisu. Sikujua kumbe kwa miaka miwili alikuwa anaona ukungu tu kule mlimani, na ndani ya ukungu huo, doa moja la pinki. Sasa doa lilikuwa limetoweka. Baba huondoka alfajiri gizani, na kwa macho yale mama hakujua kwamba sweta limebadilika. Zamu zilikuwa zimepita, yeye amekaa penye mfereji akitazama juu, maji yakienda zake kwa wengine. Mama hakumwambia baba, maharage akayasingizia jua. Alijua tukigundua hatutamruhusu tena kulima, na mama bila shamba lake simjui.

Nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka. "Mama, si macho," nikasema. "Ni mimi." Nikamweleza yote, hadi kile kicheko.

"Pinki ni ya kike?" akauliza. "Tangu lini?"

"Ndivyo wanavyosema mjini."

"Na nani aliwauliza?"

Kesho yake nilishuka Same, nikapekua mitumba mpaka nikalipata, pinki ile ile ya ndani ya pera, lina vifungo vinavyong'aa. Muuzaji akanitazama. "Hilo ni la kina mama, kaka."

"Najua," nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili. "Na anayelihitaji ni mama."

Bodaboda aliyenipandisha alikuwa amevaa fulana ya pinki tupu, na hakuna aliyemuuliza kulikoni. Mjini wameshabadilisha tena mawazo, bila hata kututumia taarifa.

Zamu iliyofuata nilikaa na mama penye mfereji. Niliomba likizo kwa ajili hiyo, na ofisini nilisema sababu bila kuficha. Baba alipanda, sweta limembana, mikono imeishia karibu na viwiko. Tulipomwona amesimama ukingoni, yaani nilipomwona mimi, nilifunga mdomo. Mama alitazama juu kwa muda mrefu, hata nikaanza kuamini kwamba kweli macho yamekwisha na kwamba nimechelewa.

Kisha akainuka, akashika jembe.

"Yule pale," akasema. "Mbona amekonda hivyo?"