Shukrani ya Damu na Shukrani ya Mfupa

Kanisa letu lilimshukuru Mungu kwa kupona kwa mdogo wangu wakati mifupa yake bado ilikuwa na saratani. Tulitoa mbuzi, kuku na gunia la viazi. Mama alisimama mbele akatangaza kwamba binti yake amepona, wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwepo, nikapiga makofi na wenzangu.

Hakuna aliyetudanganya. Ilikuwa miaka ya sabini, na tulikaa mlimani juu ya mji wa Mbeya. Mdogo wangu alikuwa darasa la saba alipoanza kutoka damu kwenye fizi na kuishiwa nguvu. Daktari wa hospitali moja ya misheni kule Iringa alisema ni saratani ya damu. Alimlaza, akampa sindano kali zilizomnyonyoa nywele, kisha akamrudisha nyumbani na vidonge vya kumeza kwa muda mrefu. Kati ya safari za Iringa, damu yake ilipimwa Mbeya mjini.

Mpimaji wa Mbeya alikuwa mtu mzima, mcheshi. Alimchoma kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia darubini.

“Binti, damu yako safi kuliko yangu,” alisema. “Sioni hata seli moja ya ugonjwa. Lakini mimi naona kilichotoka nje tu. Iringa watatazama ndani ya mfupa, msiache kwenda.”

Mama alisikia sentensi mbili za kwanza. Kesho yake alianza kutafuta mbuzi.

Kwetu, shukrani ikishatolewa mbele ya watu, jambo limefungwa. Ndiyo maana baada ya ibada ile mama aliviweka vidonge juu ya kabati.

“Tumeshamshukuru Mungu,” alisema. “Tukiendelea kumeza dawa, si tutakuwa tunamwambia hatukumwamini?”

Baba hakubishana naye. Alisema tu kwamba daktari alikwisha kutupangia siku, na mtu aliyekutibia mtoto huwezi kumwacha bila kumuaga. Kwa hiyo tulipanda basi la Iringa, mama, mdogo wangu na mimi, tukienda kuaga.

Daktari alitaka kwanza kuuona uboho, ule ute mwekundu wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Alimlaza mdogo wangu kifudifudi, akaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga. Nilikuwa nimeshika mkono wake.

“Kaka, usizimie,” aliniambia huku ameuma meno. “Anayechomwa ni mimi.”

Mpimaji wa pale alikuwa mama wa Kihehe. Alitusalimu “kamwene”, akachukua na tone la kidole, akavitazama vioo vyote viwili. Kwenye damu ya kidole hakuona ugonjwa, sawasawa na mwenzake wa Mbeya. Kwenye uboho aliuona.

Mama alikaa chini. “Nimesimama mbele ya kanisa zima. Nitarudi kuwaambia nini?”

“Mama, unalima nini?” mpimaji alimuuliza.

“Viazi.”

“Mnyauko ukiingia shambani, utajuaje umekwisha? Utaenda kutazama viazi sokoni?”

“Sokoni tunapeleka vizuri tu,” mama alijibu polepole. “Lazima uchimbe.”

“Basi damu ya kidole ndiyo soko, na mfupa ndio shamba. Shukrani uliyotoa ilikuwa ya damu, nayo ni halali. Ya mfupa bado.”

Mama alicheka, halafu akalia. Siku hiyo hiyo alimpa binti yake vidonge kwa mkono wake mwenyewe, na sindano zikaanza upya.

Tulirudi Iringa mara nyingi, na hatimaye daktari alisema sasa na mfupa umetulia. Mama alipeleka mbuzi mwingine kanisani, akaeleza habari ya soko na shamba. Mchungaji aliuliza kama kuna kiungo kingine kilichobaki, kanisa likaangua kicheko. Nawashukuru wapimaji wote wawili. Yule wa Mbeya alitwambia mwisho wa anachoweza kuona, na yule wa Iringa aliitunza heshima ya mama.

Mdogo wangu leo ana wajukuu. Jambo moja tu hatukulipatia jibu. Katika kioo cha mwisho cha uboho, mpimaji wa Iringa aliniita nichungulie. Katikati ya seli nyingi nzuri zilikuwapo chache za duara, zenye kiini cheusi.

“Zinaweza kuwa seli changa za mwili unaojijenga,” alisema. “Zinaweza kuwa ugonjwa uliobaki. Kwa rangi hii na darubini hii, zinafanana.”

Daktari aliongeza muda wa vidonge kwa tahadhari, bila kusema vilikuwa vya kutibu nini. Siku hizi nasikia kuna mashine zinazotambua kila seli kwa alama zake, hata ikijificha kati ya maelfu. Kioo kile hakikuhifadhiwa. Kama dawa zile za mwisho ziliua ugonjwa, au hapakuwa na ugonjwa wa kuua, sijui, na sijampata anayejua.