Bibi Aliyelikimbiza Basi

Muuguzi mwenzangu wa wodini alikuwa Mfilipino, na nilimwonea wivu kabla hata sijajua kwamba anaandika.

Wivu ulianzia kwenye chumba cha mapumziko cha hospitali, upande wa Lewisham, huku Uingereza. Wauguzi wa Kifilipino walikuwa wanne, na wakikaa kula huzungumza habari za waandishi wao namna sisi tunavyozungumza habari za wajomba zetu: huyu alifungwa, yule alifia ugenini, huyu mwanamke hadithi yake tuliisoma skuli mpaka mwalimu akalia. Kwao mwandishi huchongewa sanamu uwanjani, na watoto huvalishwa vizuri kwenda kuweka maua. Mimi nilikuwa na madaftari matatu ya hadithi chini ya kitanda, Kiswahili kitupu, na hakuna aliyewahi kuyafungua. Nilitafuna mkate wangu huku roho inaniuma.

Baadaye yule mwenzangu akaanza kuniletea tambi za kwao kwenye kopo la plastiki, na juu ya kifuniko hubandika hadithi yake, kurasa mbili tatu za Kiingereza. Kwetu Unguja humrudishii mtu chombo chake kitupu, kwa hivyo nikawa namrudishia na kachori, mara nyingine vitumbua. Siku moja akafunua kopo, akachungulia, akacheka. "Vitumbua tu, sista? Hadithi yako iko wapi?" Nilikuwa nimejitia kimbelembele kumwambia kwamba na mimi naandika. Alikuwa akinitania tu, lakini siku nzima sikumsemesha.

Aliyenimaliza ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na tatu, Kiswahili anakisikia vizuri ila hawezi kukisoma, na ukimwita kwa Kiswahili hukuitikia kwa Kiingereza. Nilimkuta jikoni na kurasa za Mfilipino, anafuta machozi. Ilikuwa hadithi ya bibi mmoja wa shamba. Mjukuu wake anaondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, bibi anafika kituoni amechelewa, analikimbiza basi na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba mpaka kandambili zinamvuka. Mwanangu hajawahi kulilia kitu changu chochote. Nilitamani kuzichana karatasi zile.

Badala yake nikaiiba hadithi. Wiki nzima, nikiwa kwenye basi la kwendea kazini, niliiandika upya kwa Kiswahili. Jani la mgomba nililiacha palepale, maana hata sisi tunalo. Wali nikaugeuza mkate wa ufuta, kituo cha basi nikakifanya uwanja wa ndege wa Unguja, bibi nikamvalisha buibui na kumwita wangu. Kandambili nazo zikamvuka vilevile, kwa sababu sikupata kitu kizuri zaidi ya hicho.

Jumapili nikamketisha binti yangu sebuleni, nikamsomea. Alisikiliza kwa utulivu hadi katikati, mpaka nikaanza kujiona na mimi nastahili sanamu. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake:

"Mama, huyu si bibi yake yule Auntie wa kazini kwako?"

Uso ukaniwaka. Nikamwambia mabibi wote wanafanana.

"Kwani wako alikimbia kweli?"

Nilimkasirikia, nikamkasirikia Mfilipino, nikawakasirikia mabibi wote wa dunia hii wanaowakimbilia wajukuu wao. Nilikuwa na miaka sita tulipoondoka Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi. Baba alikuwa ameshatoa masanduku nje, na gari linangoja. Ningeweza kumdanganya mtoto, ambaye hakupata kumwona bibi huyo hata kwa picha.

"Hakukimbia," nikamwambia. "Alikuwa amekaa uani anachambua mchele. Mama alimuaga kwa kumbusu mkono. Baba akamwita mara mbili. Mimi nikamshika bega. Hakuinua kichwa."

Hilo sikuwahi kumwambia mtu, wala kuliandika. Nilimwangalia binti yangu usoni nikitafuta machozi, maana hata wakati ule nilikuwa bado nashindana. Hakulia. Alinyoosha mkono, akazima televisheni iliyokuwa inaonyesha picha bila sauti, akaniambia niendelee na huyo wa uani.