Mkono wa Sita

Mama Aimée hajawahi kuonana na Mmarekani hata mmoja, lakini mabega yao anayajua. Ni mapana kupita kiasi. Aliyajua siku ile Paluku, mfanyabiashara wa jumla mwenye asili ya Butembo, alipofungua robota la mitumba alilokuwa amelisifia soko zima, akakuta humo jezi tupu, rangi kwa rangi, kila moja na mabega ya kumtosha fahali. Wala hazikuwa jezi za mpira tunaoujua sisi. Zilikuwa za ule mpira wao wa kukimbia nao mkononi, ambao wachezaji hujivika magamba mabegani na kofia ngumu kichwani kana kwamba wameitwa vitani, na jezi hukatwa kufuata magamba, si mwili. Nani Kisangani atavaa kitu hicho? Paluku alizigeuza, akazigeuza tena, akasema kwa uchungu, «Huyu mwenye alinitumia balo hii, Mungu atamuona.»

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Mama Aimée ni fundi wa nguo katika mtaa wa Mangobo, mwenyeji wa Isangi kule chini mtoni, na wakati huo mumewe Jérémie alikuwa hai, akiendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria. Mwezi ule ule timu sita za watu wa kazi zilikuwa zimeihama ligi ya zamani ya mji. Sababu yao ilikuwa ya haki: ligi ile ilipanga mechi siku za kazi, saa ambazo mbeba mizigo yuko chini ya gunia na mpiga kasia wa Lubunga yuko katikati ya mto na watu wake. Wakaamua kuanzisha ligi yao, ya Jumapili. Walikuwa na wachezaji, walikuwa na uwanja wa udongo mwekundu, walikuwa na maneno mengi. Nguo hawakuwa nazo.

Jérémie ndiye aliyeona kwamba shida ya Paluku inaweza kuwa dawa ya shida yao. Paluku alizitoa jezi, nao wakamfanya mwenyekiti wa ligi, maana mtu akikuvika huwezi kumnyima kiti. Watu wa toleka walichukua rangi ya chungwa, wabeba mizigo wa soko kuu wakachukua zambarau, wapiga kasia buluu. Wafyatua matofali, watu wa reli ya Ubundu na wapakiaji wa uwanja wa ndege wa Bangboka waligombania zilizobaki mpaka wakapatana. Mama Aimée akakaa mwezi mzima akifumua mabega ya Wamarekani na kuyashona upya. Kila mchezaji alisimama mbele yake akapimwa, na vipimo vyake vikaingia katika daftari la shule. Ndiyo maana hadi leo anaweza kumtambua mtu yeyote wa timu zile sita akiwa amempa mgongo.

Siku ya kuandika sheria za ligi wanaume walibishana hadi povu likawatoka. Mama Aimée alikuwa pembeni na pini mdomoni. Akazitoa pini, akasema, «Muandike hivi: kama mukono moja inakosa, kitu haipite. Siye bote sita, ao hapana.» Alikuwa ameona jinsi ligi ya zamani ilivyowaamulia mambo bila kuwauliza, na hakutaka mtu mmoja aje kuonewa tena. Jérémie aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake.

Msimu wa pili Jérémie aliugua siku tatu, ya nne wakamzika. Wachezaji walikuja matangani wakakaa kitako mbele ya mjane. Kwa watu wa mpira wa mtaani, jezi zinapolala ndipo timu ilipo, na jezi za toleka zililala nyumbani kwake. Hivyo Mama Aimée akawa rais wa timu. Mpaka leo hajui kuotea ni nini, na haoni haya. Lakini kila Jumapili alikuwa hapo kando ya mstari, na nahodha wake Dady alipopita na baiskeli jioni kumsalimu, nyumba ilikuwa na mtu tena.

Basi mwaka huu ligi ya zamani, viwanja vyake vikiwa vimebaki na mbuzi, ilileta barua. Rudini, ilisema, mtapewa leseni, mtacheza uwanja mkubwa, vijana wenu wataonekana na vilabu. Ila nafasi ni tano. Hakuna aliyeuliza ni timu gani itakayobaki nje, maana jibu walilijua. Timu ya toleka ilikuwa imeshika mkia misimu miwili mfululizo. Pikipiki zilikuwa zimeimaliza kazi ile, waendesha baiskeli wametawanyika, na wachezaji waliosalia walikuwa kumi na watatu, wengine wakicheza na magoti yaliyofungwa vitambaa. Timu itakayoachwa itakufa. Lakini sheria ilikuwa ile ile: mikono sita. Wale watano hawangeweza kwenda popote bila mkono wa Mama Aimée, nao ulikuwa mkono wa kuiua timu ya mumewe. Kura ilipangwa Jumapili, baada ya misa.

Jumanne Paluku alikuja kumsemesha, pamoja na binti yake Larissa anayekaa dukani. Walipokwisha kuulizana hali za nyumbani, Paluku akamwambia binti yake asome kwenye simu habari za jezi zile. Larissa akasoma. Kumbe nazo zilikuwa za ligi iliyoanzishwa kushindana na ligi kubwa ya huko. Timu waanzilishi zilikuwa nane. Baadaye ligi hiyo iliungana na nyingine, na katika kuungana timu fulani hazikuchukuliwa, majina yao yakaishia hapo.

«Unaona, mama Aimée,» Paluku akasema kwa upole. «Hata kwa Bamerika iko vile. Si mabaya ya mutu.»

«Na bachezaji? Benye timu yao ilikufa, balienda wapi?»

Larissa akatafuta, akapandisha, akateremsha. «Haiseme, mama.»

«Bon. Basi hiyo telefone haijue mupira.»

Aliwasindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, na aliporudi ndani alikuwa ameshaamua. Mkono wake utabaki chini. Jérémie amezikwa mara moja, inatosha.

Alhamisi ililetwa jezi ya zambarau kutoka kwa Papy, rais wa timu ya wabeba mizigo, ambaye alikuwa na haraka ya kujipanga kama bwana harusi. Alituma na karatasi: kuna mchezaji mpya, vipimo ni hivi, ikiwezekana iwe tayari kabla ya Jumapili. Jina hakuandika. Mama Aimée akatandika jezi mezani, akasoma. Kutoka katikati ya shingo, nyuma, bega la kulia sentimita ishirini na tatu. La kushoto, ishirini.

Akaishusha karatasi. Katika timu zote sita kuna mtu mmoja tu mwenye bega la namna hiyo, naye ni Dady, aliyeanguka na baiskeli na gunia la mihogo miaka mitatu iliyopita, mfupa wa bega ukaunga vibaya. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba fundi ndiye atakayeletewa nguo hiyo aishone. Mama Aimée aliitupa jezi kwenye kiti. Alimtukana Papy, akamtukana Dady, akamtukana na Jérémie kwa kufa mapema. Cherehani haikulia mpaka alasiri.

Hasira ilipopungua, kilichobaki kilikuwa kizito zaidi. Dady hakuwa amepita kumsalimu wiki nzima, na sasa alijua kwa nini: kijana alikuwa anaona aibu. Ana miaka ishirini na minne, ana mguu wa kushoto ambao hata fundi asiyejua kuotea anauona. Mama Aimée alikuwa ameiuliza simu wachezaji huenda wapi, na jibu lilikuwa hapo juu ya kiti, kwa mwandiko mbaya wa Papy. Tena alimjua Dady. Mkono wa mama ukibaki chini, hatalalamika. Atabaki, atapita jioni kusalimu, atacheza kwenye udongo mwekundu mpaka magoti yake nayo yafungwe kitambaa. Atakuwa naye kama mbuzi anavyokuwa na mwenye kamba. Wazo hilo lilimuumiza kuliko lile la timu kufa.

Akaiokota jezi, akaanza kufumua mabega.

Jumapili walikutana katika ghala la Paluku, wamekaa juu ya magunia ya maharagwe. Mikono mitano ikapanda, ya watu waliokuwa wakitazama sakafu. Mama Aimée akasimama.

«Niko na batu kumi na tatu,» alisema. «Kila mutu apate timu. Si Dady tu na golikipa. Hata muzee Lukumani na magoti yake. Kama munakubali, museme hapa, kila mutu na mudomo yake.»

Walisema, mmoja baada ya mwingine. Papy akamchukua Lukumani mwenyewe, bila kucheka. Ndipo mkono wa sita ukapanda, ukakaa juu hadi Paluku alipomaliza kuandika.

Kesho yake asubuhi Dady alifika akisukuma baiskeli. Alisimama mlangoni, akaanza, «Mama, iko kitu nilitaka…»

«Vaa kwanza.»

Aliitazama zambarau. Akavaa. Mama Aimée akazunguka nyuma yake, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega la kushoto, polepole, mpaka mwisho.

«Inakukaza?»

«Hapana, mama.» Akageuza kichwa. «Ulijua tangu siku gani?»

«Tangu jeudi, siku Papy alituma hii jezi.»

«Na hata hivyo ukanyanyua mukono? Timu ya papa Jérémie?»

Mama Aimée aliondoa uzi uliobaki kwenye ukosi. «Siku ulivunjika hii bega, alikubeba kwa mugongo tangu daraja ya Tshopo mpaka hopitali. Unazani alikuwa anabeba timu?»

Dady alilia pale pale, amesimama na jezi ya watu wengine mwilini, na Mama Aimée akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akamwambia aende, kwa sababu wabeba mizigo hufanya mazoezi mapema kabla soko halijafunguliwa.